Malaria Aliyoiomba Kiarie

Saa mbili asubuhi, mtaani Langas. Kiarie anashona soli ya kiatu, lakini ngozi inakatwa na mkewe, Kabura, ambaye majirani humwita Mama Wamucii. Kisu yeye hakishiki.

"Fundi, hata kukata ni Mama Wamucii?" Betty, mwuza mboga za sukuma wa kibanda cha pili, anamchokoza. "Wewe kazi yako ni ipi hapa?"

"Kusimamia. Mimi ni askari, wee!"

Betty anaangua kicheko. Hakuwapo siku Kiarie alipoanguka na kisu mkononi, akaamka paja limeshonwa nyuzi kumi na moja. Tangu hapo Kabura aliacha kazi yake ya ususi ili amchunge.

Kiarie, 47, aliendesha lori la jeshi. Bomu lililipuka mbele yake mpakani, akagonga kichwa. Miezi miwili baadaye alianguka kambini, mwili ukitetemeka, povu mdomoni. Tabibu wa kikosi, Kipchumba, ndiye aliyemhudumia.

"Nilimshika mkono nikamwambia, andika malaria," Kiarie anasema. "Dereva mwenye kifafa ananyang'anywa usukani siku hiyo hiyo. Na nyumbani wangesema ukoo wetu una laana. Nilikuwa mjinga."

Kipchumba aliandika. Mara tatu.

Alipostaafu, Kiarie alidai malipo ya ulemavu. Bodi ya pensheni ya jeshi ikamkatalia: faili lina malaria, halina kifafa. Daktari wa sasa amethibitisha ugonjwa, ila hawezi kuapa ulianza lini. Rufaa ya mwisho ni Alhamisi.

Wiki jana alimfuata Kipchumba, ambaye sasa analima mahindi eneo la Soy.

"Nikikiri niliandika uongo, pensheni yangu itapona?" Kipchumba alimwuliza. Kiarie alimaliza chai, akaaga.

"Ungemkazania," Kabura anasema, macho kwenye ngozi.

"Nimkazanie vipi? Mimi ndiye niliyemponza."

"Na mimi je? Nitakaa hapa mpaka lini?"

Kiarie anakaza uzi, anamweleza mpango wake. Alhamisi ataiambia bodi kwamba alificha kifafa kwa hiari yake, na kwamba ni yeye aliyemdanganya hata tabibu, akimwambia ni homa tu. Anatumaini watamwamini, wamlipe, aajiri msaidizi, na Kabura arudi kwenye ususi wake.

"Hiyo ya tabibu si kweli," Kabura anamkumbusha.

"Najua. Lakini uongo wa kwanza nilimbebesha mwingine. Huu nitaubeba mwenyewe."