Nyuki wa Mzee Kofia

Mtunza bustani wa chuo aliitwa Mzee Kofia kwa sababu hakuna aliyeuona utosi wake tangu siku alipoumwa na nyuki. Mwenyewe alisema nyuki, na kichwa kilikuwa kimevimba kama boga, nani angembishia?

Katika vyungu vyote alivyomwagilia, kimoja kilimkosesha raha: kichaka kifupi kilicholetwa kutoka juu mlimani, ambako vichaka vya aina hiyo navyo vimebaki vya kuhesabika. Wazee wa huko walichemsha jani moja kwa homa. Moja tu, maana mawili yalitapisha, matatu yalimlaza mtu hoi, na utomvu wake mbichi ulibabua ngozi. Mkuu wa bustani alimwambia waziwazi, "Mzee wangu, hiki kikifa, na kazi yako imekufa."

Habari zikavuja, watu wakaanza kuchuma. Mzee Kofia akabandika kibao: HATARI, YANAHARISHA. Loo! Kesho yake wakaja wote waliofunga choo. Akafuta, akaandika: YANALAZA USINGIZI MZITO. Wakaja wasiolala, mmoja na mto wake kabisa. Akaandika: YANAKONDESHA MPAKA MIFUPA. Hapo akaja mke wa mhasibu na kikapu.

"Shikamoo mzee. Mimi nataka kupunguza tumbo tu, mifupa nitaiacha."

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio ya chuoni yalisikia dawa tu, hatari ndiyo hayakuisikia. Kichaka kikabaki na majani kumi na moja, na Mzee Kofia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia kweli, mtu mzima. Alipomaliza kupenga kamasi, akaandika kibao kipya: ANAYEYALA HUSEMA KWELI SIKU TATU.

Bustani ikawa kimya. Mhasibu akaanza kupita njia ya nyuma. Walimu wawili waliozoea kukutana hapo wakati wa chai wakahamia mbali, kila mmoja upande wake. Mwezi haukuisha kichaka kikachipua, na mkuu wa bustani akampa mzee mkono mbele ya watu.

Jioni alimsimulia mkewe, fundi cherehani, huku akijipiga mapaja kwa kicheko. Mkewe naye alicheka, ila alichelewa kidogo kuanza.

Asubuhi akamwekea kikombe cha chai. Juu kilielea kipande cha jani la kijani.

"Jani gani hili?"

"Kunywa, baba watoto."

Mzee alijua fika kwamba maneno ya kibao aliyatunga mwenyewe, juu ya ndoo. Hata hivyo jasho lilimtiririka chini ya kofia. Aliinua kikombe, akakishusha bila kukigusa kwa mdomo.

"Mama watoto, hakukuwa na nyuki."

"Endelea."

"Wa kwanza kuchuma nilikuwa mimi. Majani sita. Nilijipaka kichwani nikitaka nywele ziote, kama za kaka yako."

Mkewe akamvua kofia taratibu, akakikagua kipara kwa jicho la fundi. Hapakuwa na hata unywele mmoja.

"Nilijua," alisema. "Nyuki gani wanaochagua kuuma pasipo na nywele tu?"

Akachukua kikombe, akakinywa chote yeye mwenyewe. Mzee akapata nguvu ghafla.

"Haya, na wewe sema! Huna la kuniambia?"

"Mimi?" Akafuta midomo. "Mimi nimekunywa mchaichai."