Trekta Iliyolia Chini ya Kasigau

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, trekta ya shangazi yangu ilipoanza kulia. Nasema kulia, si kunguruma. Tulikuwa kijijini Rukanga, wingu limefunika kilele cha mlima Kasigau, nami nateremka kando ya mwamba ambapo zamani watu wetu walihifadhi mafuvu ya wazee wao. Nilipokanyaga breki, sauti ya mtu mzima anayeugua ilitoka chini ya kiti changu. Nywele zilinisimama.

Shangazi Wakesho aliisikia akiwa shambani. "Wamekasirika," akasema. "Tumelima karibu nao mno."

Moyoni nilishuku mafuta niliyotia mwenyewe. Juma lililotangulia alikuwa amenituma mjini Voi kununua mafuta ya giaboksi. Muuzaji aliniuliza, "Trekta yenyewe ni gani? Breki zake zinakaa ndani ya mafuta?" Nami kwa kiburi cha ujana nikamjibu, "Wewe nipe ya haidroliki, yale ya kuinulia plau. Mafuta ni mafuta." Kitabu cha trekta sikukifungua hata ukurasa.

Basi ikawa kila mteremko, kilio. Vibarua wakaacha kuja. Shangazi, mtu wa kanisa kabisa, akawa anapita mwambani kila asubuhi kuomba msamaha, nami namtazama tu. Halafu siku moja nilizima injini, plau nikaiacha juu, naye shangazi akainama kutoa nyasi zilizonasa. Hakuna aliyegusa kitu. Plau ikashuka yenyewe, taratibu, bila sauti, kama mtu anayeketi. Aliruka; leso yake ikabaki imebanwa ardhini. Kisha akawashukuru wafu kwa kumwachia uhai. Niliona haya, na hadi leo naona.

Akaitwa Babu Mwadime afanye kutasa, ile ibada yetu ya kutoa hasira moyoni. Kabla ya kuzeeka, babu huyo alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge. Alipiga funda la pombe ya miwa, na badala ya kuipuliza kama ibada inavyotaka, akaimeza.

"Hebu endesha nisikie."

Nikaendesha.

"Huyu mzimu," akaniuliza, "mbona analia ukikanyaga breki tu?" Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akayasugua vidoleni, akanusa. "Mafuta haya hayafai breki hizi. Wafu hawana mdomo wa kujitetea. Ndiyo maana umewasingizia."

Nikakiri mbele ya shangazi. "Kumbe ni wewe niliyekuwa nakuombea msamaha," akasema.

Tulimwaga mafuta yote, tukatia yanayofaa. Nikateremka tena kando ya mwamba, nikakanyaga breki, na kimya kile kilinitisha kuliko kilio, maana hapakuwa tena na wa kulaumiwa ila mimi.

Sasa kesho wewe unaenda Voi kununua mafuta. Mwanangu, soma kitabu cha trekta yako kwanza. Ikiwa gia, haidroliki na breki zinatumia mafuta yale yale, nunua yaliyotengenezwa kwa kazi zote tatu, na maandishi ya kitabuni yafanane na ya kwenye dumu. Rangi ya mafuta isikudanganye. Plau ishushe chini kabla mtu hajaikaribia, maana injini ikizimwa huweza kushuka yenyewe. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo changu mimi kilitaka kumchukua asiye na kosa.

Mungu akupe moyo usio na kinyongo. Mvua ikukute umeshalima, na wote ulioamka nao asubuhi wawe wazima jioni.