Utando wa Kijani wa Daktari Abdulatif

Abdulatif hakuwa daktari. Cheo hicho alipewa na kibao alichokiandika mwenyewe na kukitundika mlangoni pa chumba chake cha kupanga, Mwembesongo, na haukupita muda akaanza kukiamini. Kabla ya hapo alikuwa akikwangua manyoya katika kiwanda cha ngozi ambacho kiliuzwa kwa mtu binafsi kisha kikafungwa. Kwa hiyo alichokijua kuhusu ngozi kiliwahusu ng'ombe waliokwisha kufa. Ilikuwa mwaka 1999. Serikali ilikuwa imeacha kupanga nani auze nini, na mji ulijaa watu walioufasiri uhuru huo kuwa ruhusa ya kutojua chochote.

Elimu yake aliipata katika chuo cha Mazimbu, alikokwenda kuuza karanga siku ya kongamano. Akiwa dirishani alimsikia mhadhiri akieleza kwamba viumbe fulani vya kijani, vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoota katika maziwa yenye maji ya magadi, vina kemikali iliyopunguza uvimbe na wekundu wa ngozi kwa panya wa maabara. Mhadhiri alionya kwamba jamaa zao wengine wana sumu, na kwamba dawa ya binadamu bado haijapatikana. Abdulatif aliondoka na neno moja tu: kijani.

Mwembesongo kulikuwa na mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Maji ya mvua yalituama humo, bata wakaoga, na utando wa kijani ukaota juu. Abdulatif aliuzoa kwa chandarua, akauanika juu ya bati, akautwanga na kuuchanganya na mafuta ya mgando. Wateja hawakukosekana. Waliokuja na mba walirudi na malengelenge, naye aliwaambia wote maneno yaleyale: "Ikiwasha, ujue inang'oa." Waliitikia kwa heshima. Watu ambao nyumbani hawanywi maji yasiyochemshwa walijipaka maji ya bata, kwa kuwa yalikuwa ndani ya kopo lenye kifuniko.

Dada yake, Mwanahawa, aliishi Kinole, juu milimani. Binti yake, Hidaya, alikuwa mwali, amewekwa ndani akisubiri kutolewa. Siku hiyo mwali hubebwa mabegani mbele ya kijiji kizima, amepakwa mafuta, shingo na mikono wazi. Hidaya alikuwa na pumu ya ngozi. Shingo na viwiko vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka, vikimwasha hata akakosa usingizi. Aliogopa jambo moja: kuinuliwa juu, juani, watu wanong'one kwamba ana ukoma.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba hulishinda la baba. Hilo Abdulatif alilijua vizuri kuliko dawa yoyote. Alipanda Kinole na kopo.

"Shikamoo mjomba," Hidaya alisema kutoka nyuma ya pazia.

"Marahaba, mwali wangu. Shingo hiyo itateleza kama kikombe cha udongo wa Kichina."

Nassoro, baba wa binti, alikohoa. "Shemeji, yale mafuta ya hospitali yalikuwa yameanza kumsaidia."

"Shemeji, wewe ni mgeni hapa tangu siku uliyooa. Mtoto ni wetu."

Nassoro akamsogezea kigoda. Watu waliita hiyo adabu.

Hidaya alipakwa asubuhi na jioni. Shingo ilivimba, kisha ikaanza kutoa maji. Mwanahawa alituma mtu mjini kumuuliza kaka yake. Jibu lilirudi: waongeze.

Siku ya kutolewa, Abdulatif alifika na wateja wawili aliowaleta waone kazi yake. Ngoma ilikuwa imekwisha kuanza. Mwanahawa alitoka ndani akiwa na kopo, bila mwali.

"Kaka, mtoto hawezi kuvumilia hata kanga shingoni."

"Amekula chumvi," Abdulatif alisema, kwa sauti ambayo wateja wangeisikia. "Nilikataza chumvi."

"Hukukataza."

"Dawa ina masharti, dada. Wewe huyajui."

"Basi jipake wewe unayeyajua." Akafungua kopo. "Shingoni. Tuone."

Ngoma zilinyamaza. Mwanamke mmoja akasema, "Jipake, daktari, leo tukucheze na wewe kama mwali." Vicheko vikaenea uwanjani.

Mwongo mwenye moyo angejipaka. Abdulatif alichungulia kopo, akasema kwamba hiyo ni dawa ya wanawake. Mmoja wa wateja wake, mwanamume, akajigusa shingo.

Kwa mila, mwali hatoki kabla mjomba hajanena. Mwanahawa hakungoja. "Nassoro," alisema, "mbebe mwanao umpeleke hospitali."

Nassoro aliingia ndani na kutoka na Hidaya mabegani, shingo yake wazi, nyekundu, inang'aa kwa majimaji. Walipita katikati ya uwanja kuifuata njia ya kuteremka mjini. Kijiji kizima kilimwona, kama alivyoogopa. Wanawake walisogea kumpisha, na mmoja alivua mtandio wake akamkinga jua, akashuka nao.

Abdulatif aliwaeleza wateja kwamba hospitali ndiyo itakayoiharibu dawa. Kisha akauliza kama pilau limeiva.