Chumba cha Mikeka na Chumba cha Ndoo

Watu walimwita Daktari Mgongo, ingawa hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya mji, na kwa miaka ishirini na mitatu alishughulika na migongo ya makuli, walimu, madereva na kina mama waliozaa mara sita. Udaktari walimpa wao kwa hiari yao, naye, tuseme ukweli, hakujisumbua kuukataa.

Mafundisho yake yalikuwa mafupi. Mgongo ukishauma mara moja, ulinde maisha yako yote. Usiiname. Usinyanyue. Kitu kikianguka, piga goti, nyoosha kiwiliwili, kiokote taratibu. Kazi nyingine ilifanyika sakafuni, juu ya mkeka: lala chali, vuta kitovu ndani, hesabu mpaka kumi, pumua. Na kila Alhamisi, wagonjwa wapya walipokuja, alimleta mkewe awe mfano.

Huyo mke ndiye aliyekuwa cheti chake. Miaka kumi na miwili nyuma alikuwa mwokaji wa mikate, ana kibanda na tanuri lake mwenyewe, hadi asubuhi moja mgongo ukamkamata akiwa na sinia la mikate mikononi, akashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mume akamtibu mwenyewe. Alimwachisha kazi, tanuri akapewa mdogo wa kike wa mkewe, na mama wa watu akajifunza kuishi wima kama ufagio uliosimamishwa ukutani. Siku za Alhamisi alikuwa akidondosha kijiko mbele ya wagonjwa na kukiokota kwa goti, polepole, uso mbele, na wagonjwa wakimpigia makofi.

"Mnaona?" mumewe husema. "Miaka kumi na miwili, na mgongo haujamlaza tena hata siku moja." Kichwa kilimvimba kila wiki, na kila wiki hakuna aliyemtumbua.

Ndipo akaja binti mmoja, mtaalamu mwenzake, chuo amekimaliza juzijuzi, akapewa chumba cha pili. Humo hakutandika mikeka. Alipanga ndoo za mchanga. Mgonjwa alianza na vikombe viwili vya mchanga, wiki iliyofuata vinne, anainama atakavyo na kunyanyua awezavyo, na akiguna anaambiwa kwamba kuuma si kuvunjika. Haikupita wiki, hospitali nzima ikawa inamwita Binti Ndoo.

Wawili hao walibishana kwenye korido mpaka wauguzi wakawa wanapita njia ya nyuma. Mganga mkuu alipochoka nao alitoa amri: wagonjwa themanini, wagawanywe kwa kura, arobaini mikekani na arobaini ndooni, wiki kumi na mbili. Baadaye muuguzi asiye wa upande wowote awaulize wote maswali yale yale na kuwapima kwa kipimo kile kile. Daktari Mgongo alikubali haraka sana. Alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hana haja ya kufikiri mara mbili.

Jumanne ya wiki ya kumi na tatu muuguzi alianza kusoma. Maumivu yalikuwa yamepungua vyumba vyote viwili, karibu sawa. Usingizi, sawa. Kukaa kitini kwa muda mrefu, mikeka ilitangulia kidogo. Daktari Mgongo akaanza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Kilibaki kipimo cha mwisho: kunyanyua kreti la chupa kutoka sakafuni hadi mezani. Watu wa ndoo waliingia mmoja mmoja, wengine wakaguna, mmoja akatukana kidogo na kuomba radhi, lakini kreti likapanda. Kisha wakaitwa watu wa mikeka. Wa kwanza alikuwa kuli mwenye shingo nene, ambaye dakika chache kabla alisema maumivu yake sasa ni kama hayapo. Alilifikia kreti, akasimama. Hakuliangalia tena. Alimwangalia Daktari Mgongo.

"Daktari, naruhusiwa?"

Wataalamu walikuwa wamekatazwa kusema neno. Yule kuli alingoja, akangoja, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Hapana, sista. Mgongo wangu mbovu huu. Siwezi kuuchezea."

Kati ya arobaini, ishirini na sita hawakuligusa kreti. Wengi wao walisema hawaumwi.

Daktari Mgongo alipandwa na hasira, kwanza kwa kuli, kisha kwa kreti, kisha kwa Binti Ndoo, aliyekuwa amejikunyata pembeni bila hata kucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

"Mzee wangu," binti akamwambia walipobaki wawili, "maumivu umewapunguzia, hilo hakuna wa kukunyang'anya. Ila woga umewaachia."

"Woga huo huwazuia wasiumie."

"Yule kuli hajarudi kazini, mzee. Nimemuuliza atarudi lini. Ananiambia kwani nani kasema atarudi na mgongo huu."

Lakini kilichomsumbua zaidi hakikuwa yule kuli. Keshokutwa ilikuwa Alhamisi, na mkewe angekuja kudondosha kijiko mbele ya watu. Kumwacha aendelee kungekuwa udanganyifu, sasa akijua. Kumzuia kungemlazimu amweleze sababu, na sababu yenyewe ilikuwa miaka kumi na miwili ya maisha ya mtu.

Jioni ile alifika nyumbani akamkuta mkewe amesimama jikoni. Sufuria la maji lilikuwa mekoni likichemka kwa saa nzima, likimngoja yeye aliteremshe. Kikapu cha nguo mbichi kilikuwa mlangoni, kinamngoja yeye. Mfuko wa viazi, yeye. Siku zote aliona ni mapenzi haya, mume anambebea mkewe, na majirani walimsifia. Siku hiyo aliteremsha sufuria, akala, na alipoulizwa kulikoni akasema amechoka. Mwanamume wa miaka ishirini na mitatu kazini, ameshindwa na sentensi moja.

Jumatano alijikaza. Alimkuta mkewe akichambua mchele mezani, akavuta kiti.

"Mke wangu, kesho usije."

"Kwani hakuna wagonjwa?"

"Wapo. Ila yale ninayowafundisha, tumeyapima. Hayakuwa sawa yote."

"Usinizungushe, baba. Sema nielewe."

Akasema. Akamweleza vyumba viwili, kreti, kuli. "Ungeweza kuinama. Ungeweza kunyanyua, kidogo kidogo, mpaka ukarudia kazi yako. Mgongo wako haukuwa umevunjika. Mimi ndiye niliyekutisha."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mkewe aliacha mchele. Daktari Mgongo alikuwa amejiandaa. Njia nzima alikuwa amepanga atakavyosema kuhusu mikate, jinsi atakavyokwenda kwa shemeji yake kumwomba tanuri, jinsi watakavyoanza na unga kidogo. Maneno yalikuwa mdomoni, yamepangwa vizuri.

"Na mtoto?" mkewe akauliza.

"Mtoto gani?" Walikuwa na binti mmoja tu, na huyo alishaolewa.

"Wa pili. Nilipokwambia namtaka, nina miaka thelathini na minane. Ukaniambia mgongo huu hauwezi kubeba mimba. Ukanichorea na picha, nyuma ya kalenda, pingili za uti wa mgongo na mshale. Nikalia bafuni usinisikie. Kisha nikakubali, kwa sababu wewe ndiye unayejua."

Alikuwa amesahau kabisa. Sasa aliikumbuka hata kalamu yenyewe, na jinsi alivyojisikia mwerevu akichora ule mshale.

"Nijibu. Ningeweza?"

Majibu ya kitaalamu alikuwa nayo tele. Inategemea. Umri nao ulikuwa umesogea. Enzi zile sote tulifundishwa hivyo. Alimtazama, mwanamke wa miaka hamsini, na kila jibu likamwonea aibu.

"Ungeweza," akasema. "Ungeumwa, lakini ungeweza."

Mkewe akajikunja. Akaweka viwiko magotini, kichwa kikashuka, mgongo ukapinda kama ambavyo mumewe hakuwahi kuuona kwa miaka kumi na miwili. Na mwanamume huyu, Mungu amsamehe, nusura amwambie akae wima.

Alipoinua uso haukuwa na machozi.

"Kesho nitakuja," akasema. "Wewe utakaa benchi pamoja na wagonjwa. Nitasema mimi."

"Utawaambia nini?"

"Yote. Na la mtoto."

Daktari Mgongo alitaka kumsihi hilo moja libaki humu ndani, kati yao wawili. Alifungua mdomo, akauona uso wa mkewe, akasema, "Nitakaa benchi."