Mlango wa Baba Mwenye Nyumba

Juzi niliposhuka basi Kitai, niliona mlango umeegemezwa nje ya nyumba, na mama mmoja akifunga vyombo kwenye kanga. Papo hapo nikasikia harufu ya kutu viganjani.

Utotoni, mimi na mama tulipanga chumba Mbinga mjini. Mwenye chumba tulimwita baba mwenye nyumba, na kwa kuwa sikuwa na baba mwingine, nilimhesabu kuwa wangu. Mchana mmoja wa baridi alikuja na nyundo, mama akiwa sokoni. Bawaba za mlango wetu zilikuwa zinalia, nikajua amekuja kuutengeneza.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Nishikie misumari hii, mwanangu.”

Niliipokea kwa mikono miwili, imejaa kutu, kila alipoing’oa kwenye bawaba. Aliung’oa mlango mzima, akaondoka nao begani huku akipiga mluzi.

Mama aliporudi alikaa chini pamoja na kapu lake. “Alishaniambia tuhame, anataka kuweka kahawa humu. Sikujua ni leo.”

“Anautengeneza, mama. Atarudi.”

Alirudi kweli jioni, mlango begani, vijana wenye magunia wakimfuata. Walitoa godoro letu, wakaingiza kahawa. Kisha akaninyooshea kiganja.

“Misumari yangu, mwanangu.”

Nikampa. Akaupachika mlango, akaufunga taratibu, kahawa ikiwa ndani na sisi barazani kwenye ukungu. Bawaba hazikulia hata kidogo. Alikuwa amezitia mafuta.