Sauti ya Weita wa Samaki

Siku ya kwanza nilipomwona, mwaka wa 1974, alielekeza mdomo jikoni akapaza sauti: "Changu mmoja wa kukaanga, wa mzee mwenye koti la kuazima!" Mzee huyo nilikuwa mimi, na koti lilikuwa la kuazima kweli. Alikuwa weita wa hoteli ya samaki hapa Voi, moja kati ya tatu za tajiri mmoja wa Mombasa. Penseli ilikaa sikioni bila kazi, maana hakuandika chochote, alichoambiwa alikitangaza. Sisi watu wa milimani tuliozoea maharagwe tuliogopa miiba, basi yeye alikuwa akiinama mezani bila kuitwa, akiuchomoa uti wa samaki kwa vidole viwili na kuuinua juu kama daktari aliyeng'oa jino.

Jumamosi moja mchana nilimleta Elsie, mjane mshonaji wa Mwatate, nimwombe tuoane. Nilinong'ona. "Umesemaje?" Elsie akauliza. Ulimi ukagoma. Weita, uti mkononi, akageukia jikoni: "Mzee wa meza ya nne anataka kumuoa huyu mama!" Elsie alimtazama yeye, si mimi. "Mwambie nimekubali, lakini Mwatate sihami."

"Amekubali! Hahami!"

Wiki iliyofuata weita alipelekwa tawi la Mtito Andei, nami sikumwona tena. Lakini mchana ule wa posa, akituondolea sahani, aliniinamia na kusema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Mzee, mimi mke wangu nilimwandikia barua. Kusema kwa mdomo kulinishinda."