Majina ya Kina Mama Hayauzwi

Ni siku ya soko Matiliku, Makueni, na jua limeshapanda. Mutanu Mbaluka anajaribu gitaa lake, anakunja uso, anakaza uzi mmoja, anajaribu tena. Anapoanza kuimba, muuza ndengu mmoja anaiacha mizani yake na kuingia kucheza.

"Hii kazi hainipi utajiri," anasema Mutanu akicheka. "Lakini nikilala, nalala."

Mutanu, 43, ni mzaliwa wa Kyuso, Kitui. Huko mama yake na wenzake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walijenga bwawa la mchanga, ukuta wa mawe unaohifadhi maji chini ya mchanga wa mto, kwa majembe na mikono mitupu. Mutanu aliwatungia wimbo, akiwataja mmoja mmoja: Katunge aliyebeba mawe akiwa mjamzito, Kavata aliyefukuza fisi kwa sufuria. Wimbo ukapendwa. Kila harusi ukaitishwa.

Mteja naye akaja. Mwanasiasa mmoja aliyesaka kura alituma ujumbe kwa Mwau, mwenye studio mjini Sultan Hamud anakorekodi Mutanu: angeinunulia bendi ya Mutanu vyombo vipya vyote, mradi majina ya kina mama yatolewe na lake liingie, kama mjenzi wa bwawa.

"Mwau aliniambia, 'Dada, ni maneno tu, sauti ni ile ile,'" anakumbuka. "Nikamuuliza, mama akisikia kwa redio eti mheshimiwa ndiye alibeba yale mawe, nitamwangalia na macho gani?"

Alikataa. Mbuvi, mpiga ngoma wake wa miaka mingi, akaondoka kwa hasira.

"Nina watoto wa kusomesha," anasema Mbuvi. "Niliona anamwaga chakula chetu."

Mutanu alibaki akipiga peke yake sokoni. Siku njema ilimpa shilingi mia tano. Jioni alishona sare za shule.

Kisha habari zikafika Kyuso. Kina mama wakamwita bwawani, na Mwau, kwa aibu, akajitolea kwenda kurekodi bure. Wakaimba, kila mmoja akiitikia jina lake. Walipofika mwisho, mama yake Mutanu, sauti ikikwaruza, akaanzisha ubeti mpya: majina ya wawili waliokufa kabla maji hayajapatikana.

"Vidole vilipotea kwa nyuzi," anasema Mutanu. "Nililia. Mwau hakukata hata kidogo, aliacha vile ilikuwa."

Rekodi hiyo sasa inazunguka kwenye simu kutoka Kyuso hadi Makueni. Mbuvi aliisikia akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Wiki hiyo hiyo alitokea sokoni na ngoma yake. Hakuomba msamaha. Aliketi, akaanza kupiga.

Mutanu anapanga kurekodi nyimbo za vikundi vingine vya mwethya, waimbaji wenyewe wakigawana mapato. Vipi mwanasiasa akirudi?

"Karibu sana," anasema, akiinua gitaa. "Jumanne tunaanza kuchimba bwawa lingine. Akitaka kuimbwa, akuje na jembe."